Somo la Redio: Neno TANGAZO

Mwalimu wenu na aandike ubaoni: ta-nga-zo. Someni kwa sauti.

Tangazo la serikali hukuarifu jambo. Tangazo la biashara hutaka fedha yako, na kwanza hukuonyesha kasoro ambayo jana hukuwa nayo. Mwanamke mweupe anacheka pichani, mkononi ana kopo la mafuta. Hapakuandikwa kwamba weusi ni mbaya. Hakuna haja.

Mwaka 2012 Mkenya mmoja, Bibi Ng'endo Mukii, alitengeneza filamu fupi iitwayo Yellow Fever. Humo mna watu na mna michoro. Anamkumbuka msusi aliyejipaka mkorogo: uso mweupe, viungo vya vidole vimebaki vyeusi. Wengi wetu tungemcheka yule mama. Bibi Mukii anauliza ni nani aliyemfundisha. Kisha anaongea na mtoto wa ndugu yake, na mtoto anasema wazi kwamba angependa kuwa mweupe. Huyo hajapaka kitu! Amekwisha kuzisoma picha tu.

Mkorogo mnaujua. Mwingine una zebaki, nayo huharibu figo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, lakini makopo huingia kwa magendo.

Kazi ya juma hili: mkienda mnadani na fedha ya pamba, shikeni kopo moja. Someni herufi ndogo za nyuma kabla ya kutazama picha ya mbele. Neno msilolielewa liandikeni, mje nalo darasani. Kwaherini.