Mbunge wa Msoga: Kura za Jakaya Kikwete, kutoka Bagamoyo hadi Ikulu

Uwe Dunda au Magomeni unasubiri ngalawa zirudi, uwe Kiwangwa kwenye mananasi au Mbwewe pembeni mwa lami, karibu katika kipindi cha historia. Leo tunahesabu kura za mtu mmoja.

Mtu huyo ni Jakaya Mrisho Kikwete. Najua umeshasema moyoni, huyu tunamjua. Unamjua Rais. Urais wake wa miaka kumi umesemwa mpaka umechosha, lakini kabla ya Ikulu alikuwa mbunge wa wilaya hii kwa miaka kumi na mitano, na kipindi hicho watu hukipita mbio. Jioni hii tutakaa hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu Bagamoyo yenyewe, maana ziko mbili. Iko Bagamoyo ya bahari: mji wa misafara, wa nyumba za mawe, wa misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, mji ambao Wajerumani waliufanya makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Hii ndiyo inayochorwa kwenye vitabu vya watalii. Halafu iko Bagamoyo ya bara: Lugoba, Msata, Miono, Mandera, Kimange, Chalinze. Nchi ya Wakwere, Wazigua na Wadoe, ya mihogo na korosho, ya mbuga zenye vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Mji wa bahari ulikuwa na historia, ila kwa upande wa siasa za uchaguzi, bara ndiko kulikokuwa na bahati. Rais hakutoka mtaa wa mawe, alitoka Msoga.

Alizaliwa hapo Msoga tarehe 7 Oktoba 1950. Baba yake, Mzee Mrisho Kikwete, alikuwa mtumishi wa serikali aliyefikia ukuu wa wilaya, na babu yake alikuwa kiongozi wa Wakwere enzi za ukoloni. Kwa hiyo habari za utawala hazikuwa ngeni katika nyumba ile. Alisoma shule ya msingi Msoga, akaenda Lugoba, kisha Kibaha, kisha Tanga, na mwaka 1975 akamaliza shahada ya uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana mwenye shahada ya uchumi mwaka ule angeweza kwenda benki, angeweza kwenda wizara. Yeye alikwenda kufanya kazi ya chama, Singida. Baadaye alipita Zanzibar na Tabora, akavaa magwanda ya jeshi, na mwisho akawa katibu wa chama katika wilaya za Nachingwea na Masasi.

Hilo la ukatibu wa wilaya tusiliruke. Katibu wa chama wa zama zile ndiye aliyeitisha vikao, ndiye aliyejua mjumbe wa kata fulani kafiwa, na fulani hasemezani na fulani tangu ugomvi wa shamba. Ukifanya kazi ya chama miaka kumi na ushee, unajifunza jambo ambalo chuo hakifundishi: kura hupatikana kabla ya siku ya kupiga kura. Tutalikuta tena jambo hili Dodoma.

Mwaka 1988 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua kuwa mbunge na kumpa unaibu waziri wa nishati na madini. Akaingia bungeni kwa mlango wa uteuzi, bila kumwomba mtu kura. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1990, ukaja uchaguzi mkuu, naye akaja nyumbani kugombea jimbo la Bagamoyo.

Vijana mnaonisikiliza, uchaguzi ule hamjauona, na hamtauona tena. Chama kilikuwa kimoja. Wanaotaka ubunge walipita kwanza kwenye mkutano mkuu wa wilaya, wakapigiwa kura za maoni, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili. Wote wawili wa CCM, wenye ilani moja. Walichotofautiana mbele ya mpiga kura ni sura na alama: mmoja alipewa jembe, mwingine nyumba. Utaratibu huo ulianza mwaka 1965, na ulikuwa na meno. Mwaka huo wa kwanza tu, waziri wa fedha Paul Bomani aliangushwa Mwanza, na Bibi Titi Mohamed, mama wa TANU mwenyewe, akaangushwa Rufiji.

Kampeni nazo zilikuwa za aina yake. Wagombea walizungukishwa pamoja, jukwaa moja, chini ya wasimamizi wa chama. Huruhusiwi kuitisha mkutano wako peke yako. Huruhusiwi kutaja kabila wala dini. Mmoja anazungumza, anakaa, mwenzake anasimama, anapewa muda uleule. Basi unabakiwa na nini cha kusema? Unabakiwa na alama yako. Mwenye jembe atawauliza wananchi nyumba hiyo itasimama vipi kama hakuna anayelima. Mwenye nyumba atajibu kwamba hata mkulima jioni hurudi kulala ndani, na jembe hulazwa humohumo pembeni ya mlango. Watu wanacheka, mikutano inajaa. Wagombea wengi waliomba Mungu wapangiwe jembe, maana nchi ni ya wakulima.

Kikwete alishinda. Akarudi Dar es Salaam, akawa waziri kamili wa maji, nishati na madini.

Maji! Hapo kulikuwa na kejeli, kama si mtihani. Sehemu kubwa ya jimbo la waziri wa maji ilikuwa na kiu. Ukitoka Chalinze kwenda Lugoba mpaka Msata, chini hakuna maji ya kuaminika. Kina mama waliamka alfajiri na ndoo kufuata malambo wanayogombea na ng'ombe, na dumu la maji lilikuwa bidhaa kama mkate. Mto Wami unapita katika nchi hiyohiyo, lakini mto hauji wenyewe mlangoni. Haja hiyo haikutimizwa katika miaka yake minne ya uwaziri wa maji. Mradi mkubwa wa kuvuta maji ya Wami kwenda Chalinze na vijiji vyake ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa China, yeye akiwa bado mbunge, na hata baada ya hapo wananchi waliendelea kulalamikia mabomba yanayotoa upepo. Nikiulizwa kipimo cha ubunge katika jimbo lile, nitaanzia kwenye bomba, si kwenye majukwaa.

Mwaka 1992 nchi ikaingia mfumo wa vyama vingi, na mwanajeshi hakuruhusiwa tena kuwa mwanachama wa chama. Luteni Kanali Kikwete akachagua siasa, akastaafu jeshi. Mwaka 1994 akawa waziri wa fedha. Alikuwa na miaka 44, na wakubwa wakaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Sasa twende Dodoma, Julai 1995. Mimi naamini hii ndiyo kura kubwa kuliko zote katika maisha ya Kikwete, na wala hakuishinda.

Mzee Mwinyi alikuwa anamaliza muda wake. CCM ilihitaji mgombea wa kwanza wa urais katika uchaguzi wa vyama vingi. Waliotaka walikuwa wengi, wakachujwa, na mbele ya mkutano mkuu yakabaki majina matatu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Mwalimu Nyerere alikuwa amestaafu, lakini kustaafu kwa Mwalimu si kama kustaafu kwangu na kwako. Alikuwepo, na kila mjumbe alijua anamtaka Mkapa.

Duru ya kwanza wajumbe wakapiga kura. Kikwete 534. Mkapa 459. Msuya 336. Yaani kijana wa Msoga ndiye aliyeongoza, mbele ya chaguo la Mwalimu! Lakini hakuvuka nusu. Msuya akaondoka, wakabaki wawili, sanduku likarudi. Duru ya pili: Mkapa 686, Kikwete 639. Fanya hesabu pamoja nami. Mkapa aliongeza kura 227, Kikwete akaongeza 105 tu. Msuya alikuwa mtu mzima, aliyekwisha kuwa waziri mkuu. Waliokuwa nyuma yake wengi walimwendea mtu mzima mwenzake. Tofauti ikawa kura 47. Watu 47 hawajazi hata basi moja la Chalinze.

Angeweza kununa. Mwaka uleule Augustino Mrema alikuwa ameshaihama CCM na kuwatia joto kwelikweli, na vyama vipya vilikuwa vinatafuta majina makubwa. Kikwete aliyakubali matokeo palepale, akampigia Mkapa kampeni, akarudi nyumbani kugombea ubunge. Safari hii hakugombea Bagamoyo nzima, aligombea jimbo la Chalinze, na bahari ikapata mbunge wake. Wengine husema ulikuwa uungwana. Mimi nasema ulikuwa uungwana na hesabu pia: mtu aliyepungukiwa kura 47 akiwa na miaka 44 hana sababu ya kubomoa nyumba anayotarajia kuirithi.

Alishinda Chalinze mwaka 1995, akashinda tena mwaka 2000. Sitakaa sana hapa kwa sababu hapakuwa na mchuano wa kusimulia. Miaka yote hiyo kumi alikuwa waziri wa mambo ya nje, hakuna aliyekaa kwenye kiti hicho muda mrefu kuliko yeye. Burundi ilikuwa inawaka, Kongo inawaka, wakimbizi wamejaa Kigoma, mazungumzo yako Arusha. Mbunge wa Chalinze ilibidi ajulikane Bujumbura kama anavyojulikana Mbwewe. Kwa wapiga kura hilo lilikuwa na faida na hasara zake. Fahari ilikuwepo. Mbunge mwenyewe, siku nyingi, hakuwepo.

Lakini kazi ya ukatibu wa wilaya haikusahaulika. Kwa miaka hiyo kumi ulijengeka mkusanyiko wa wafuasi wake katika kila mkoa, ambao nchi ilikuja kuujua kwa jina la Mtandao. Mei 2005, Dodoma tena, ukumbi wa Chimwaga, majina matatu tena. Kikwete kura 1,072. Salim Ahmed Salim 476. Mark Mwandosya 122. Safari hii hapakuhitajika duru ya pili. Salim alikuwa amewahi kuwa waziri mkuu na katibu mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na bado akaachwa mbali. Mpaka leo wapo wanaoamini kwamba zile siasa za Mtandao zilikiachia chama majeraha ambayo hayakupona upesi, na sioni la kuwabishia.

Uchaguzi wa taifa ulisogezwa kutoka Oktoba hadi tarehe 14 Desemba 2005, baada ya mgombea mwenza wa CHADEMA kufariki dunia. Kikwete akapata asilimia 80.28. Mwaka 2010 akarudi kwa zaidi ya asilimia 60, huku Dk. Willibrod Slaa akimpa upinzani ambao miaka mitano nyuma haukuwepo.

Sasa weka kura hizi pamoja, msikilizaji. Bagamoyo 1990, Chalinze mara mbili, taifa mara mbili: zote alishinda. Kura iliyomshinda ilipigwa ndani ya ukumbi, na wajumbe wa chama chake. Na iliyompa urais nayo ilipigwa ukumbini kabla ya kufika kwetu. Jimbo lilimpa anwani ya nyumbani. Madaraka aliyapata kwenye vikao. Kwa wabunge wengi wa nchi hii habari ndiyo hiyohiyo, ila kwake tunazo tarakimu za kuionyesha.

Na jimbo je? Chalinze ilimpata Ramadhani Maneno mwaka 2005, kisha Said Bwanamdogo mwaka 2010. Bwanamdogo alifariki Januari 2014, ukaitishwa uchaguzi mdogo wa tarehe 6 Aprili. Aliyesimama kwa CCM ni Ridhiwani Kikwete, mtoto wa Rais aliyekuwa madarakani, kwenye jimbo la baba yake. Nchi nzima ikajadili. Alishinda kwa zaidi ya asilimia 80, na mwaka 2022 akawa naibu waziri. Waswahili husema maji hufuata mkondo. Ni kweli, ila mkondo nao huchimbwa na mtu, na katika jimbo lenye chama kimoja chenye nguvu kiasi kile, jembe linakuwa mkononi mwa wachache. Upande wa bahari, Dk. Shukuru Kawambwa alikaa tangu 2005 hadi 2020, akipitia wizara za miundombinu na elimu, kisha akaja Muharami Mkenge.

Lipo jambo moja la urais wake ambalo lilizigusa Bagamoyo zote mbili. Zamani, mvua za masika zikishika bonde la Ruvu, mtu wa Msata mwenye shida makao makuu ya wilaya aliweza kulazimika kuzunguka karibu na Dar es Salaam ili afike Bagamoyo. Leo iko lami ya kilomita 64 kutoka Makofia hadi Msata. Na tarehe 16 Oktoba 2015, siku tisa kabla ya uchaguzi wa kumpata mrithi wake, aliweka jiwe la msingi la bandari kubwa Mbegani. Mrithi huyo, Rais Magufuli, aliusimamisha mradi ule mwaka 2019. Mwaka uleule wa 2015 Chalinze ilipata halmashauri yake, na mtu wa Lugoba hana tena haja ya kwenda baharini kutafuta muhuri.

Ombi langu kwenu. Kama ulikuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa wilaya mwaka 1990, au kabatini kwako limebaki bango la kampeni lenye jembe na nyumba, usiwaachie panya. Tupigie simu hapa studio, au waite wajukuu uwasimulie wakiwa wameshika kalamu, kwa sababu matokeo ya Dodoma yameandikwa mara nyingi, na mikutano ya Miono na Mandera haijaandikwa. Wiki ijayo, saa kama hii, tunavuka Wami kwenda Saadani kwa Bwana Heri.