Mtoto Anapoharisha: Mbona Daktari Hakunipa Antibiotiki?

 

Mama, huenda haya yamekupata. Mtoto ameharisha usiku kucha. Alfajiri umembeba mgongoni, umepiga foleni kliniki, kisha ukarudi nyumbani na pakiti za ORS na tembe za zinki tu. Moyoni ukasema, "Leo sikupewa dawa." Mama, ulipewa.

Wahudumu wa afya hufuata mwongozo wa matibabu. Swali la kwanza katika mwongozo huo ni hili: mtoto amepoteza maji kiasi gani? Upungufu wa maji ndio huua upesi. Ndiyo maana daktari hutazama kama macho yameingia ndani, humpa mtoto maji aone anavyokunywa, na huifinya ngozi ya tumbo na kuiachilia. Ngozi ikirudi polepole, maji yamepungua. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, hiyo ni dalili ya hatari kubwa.

Kutokana na dalili hizo, mtoto asiye na upungufu hutibiwa nyumbani. Aliyepungukiwa kiasi hunyweshwa ORS kliniki kwa saa 4, kisha hupimwa tena. Aliyelegea au asiyeweza kunywa hutiwa maji mishipani mara moja.

Na antibiotiki? Mara nyingi kuharisha huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Mwongozo huiruhusu hasa mtoto akiwa na damu kwenye choo, au ikishukiwa ni kipindupindu. Dawa za kufunga tumbo, usimpe mtoto kamwe.

Sasa, kazi yako nyumbani:

Changanya ORS kwa maji safi ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Iliyobaki baada ya saa 24, mwaga.

Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kikubwa. Aliyezidi hapo, nusu hadi kikombe kizima. Mnyweshe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea taratibu.

Mpe zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14 kama ulivyoagizwa, hata kama kuharisha kumekoma. Humkinga asiharishe tena upesi.

Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Usimnyime chakula.

Mrudishe kliniki upesi akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea, akipata degedege, au ukiona damu kwenye choo. Usingoje kupambazuke.

Na mtoto mchanga asikose chanjo ya rotavirusi, ambayo ilianza kutolewa nchini Kenya mwaka wa 2014.

Mama, wakati mwingine ukipewa pakiti hizo, usizitupe kabatini. Zichanganye siku hiyo hiyo.