Bima ya Afya: Funga Ngamia Wako Mapema

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Ruiru na Thika baada ya futari. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya wasomaji wa jarida.)



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu yangu msomaji, najua mwezi huu ukifungua jarida watarajia kusoma juu ya saumu na Laylatul Qadr. Leo naomba univumilie, maana nina swali la dunia lenye kugusa akhera pia: ukiugua usiku wa leo, nani atalipa?

Nikupe kisa cha nyumbani kwetu. Ramadhani moja, wakati wa daku, nilipigiwa simu nikiwa chumbani Juja ninakosoma. Baba mdogo, anayeuza mitumba Ruiru, ameshikwa na tumbo na amekimbizwa hospitali ya kibinafsi iliyo karibu. Ilikuwa ni kidole tumbo, akapasuliwa usiku huohuo. Alhamdulillah, akapona. Tulipofika kwenye dirisha la malipo nikamwambia karani kwa kujiamini kwamba mzee amesajiliwa SHA. Karani akatazama kompyuta, akasema: "Amesajiliwa, ndiyo. Lakini hajalipa."

Baba mdogo alikuwa na ujumbe kwenye simu unaosema usajili umekamilika, na kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha. Daktari alimruhusu kutoka siku ya nne, lakini alikaa siku tatu zaidi kwa sababu ya deni. Tulichangisha msikitini baada ya tarawehe, waumini wakatoa, Allah awalipe. Hazikutosha. Mama mdogo akauza cherehani yake, na cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa karo ya watoto.

Basi neno la kwanza nataka ulishike: kusajiliwa si kulipiwa. Mamilioni ya Wakenya wamejisajili, na wengi wao wanaojitafutia riziki bila mwajiri hawajalipa.

Sasa hebu tuuelewe mpango wenyewe. Ile NHIF tuliyoizoea, iliyoanzishwa mwaka 1966, haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pameshikwa na SHA, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2023. Zamani mtu asiyeajiriwa alikuwa akilipa shilingi 500 kila mwezi. Sasa hesabu ni asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba, na haishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Aliyeajiriwa anakatwa kwenye mshahara. Asiyeajiriwa anaulizwa maswali juu ya nyumba anayoishi, maji, choo na mali aliyo nayo, kisha anakadiriwa, na hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja.

Tupige hesabu. Mwenye kukadiriwa kiwango cha chini atalipa 300 mara 12, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Nyumba yenye kipato cha shilingi 20,000 kwa mwezi itaangukia 550, yaani 6,600 kwa mwaka. Hiyo 3,600 ukiigawa kwa siku ni kama shilingi kumi. Ni andazi moja! Tatizo ni kwamba haiombwi kumi kumi, inaombwa yote pamoja, na muuza mboga haamki na 3,600 mkononi. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, na nitarudi hapo.

Je, inalipia nini? Kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, unaogharimiwa na serikali: ukishajisajili tu, unatibiwa bila kulazwa kwenye dispensari na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3. Kwa hiyo hata kama huna senti, jisajili leo. Piga *147# au nenda Huduma Centre Thika na kitambulisho chako, uwaandikishe pia mke au mume na watoto. Wa pili ndio huu wa michango yetu, unaolipia kulazwa, upasuaji na kujifungua. Wa tatu ni wa dharura na maradhi mazito ya muda mrefu, husaidia pale fungu la mfuko wa pili linapokwisha.

Kwenye mfuko wa pili ndipo panapohitaji macho. Bima hii hulipa kwa viwango. Katika viwango vya mwaka 2024, kujifungua kwa kawaida ni shilingi 10,000 na kwa upasuaji ni 30,000. Kulazwa hospitali ya ngazi ya 4 ni 3,360 kwa siku. Hospitali ikikutoza 8,000 kwa siku, inayobaki ni juu yako. Ndiyo maana familia moja inatoka Ruiru Level 4 au Thika Level 5 bila deni kubwa, na nyingine yenye bima ileile inatoka hospitali ya kibinafsi ikilia. Kina mama wajawazito nao wajue kwamba Linda Mama, iliyokuwa ikilipia kujifungua bila mchango wowote, imekwisha. Lipeni mapema, msingoje uchungu.

Wako watakaoweza kuongezea bima ya kampuni binafsi. Hakuna ubaya, lakini ajenti akija na tabasamu lake, muulize haya kabla hujatia sahihi:

1. Kiwango cha juu kwa mwaka ni shilingi ngapi, na ni cha mtu mmoja au cha nyumba nzima?
2. Ni ya kulazwa tu, au na matibabu ya kwenda na kurudi?
3. Kipindi cha kungoja ni kipi? Kwa uzazi mara nyingi huwa ni miezi mingi.
4. Maradhi niliyo nayo tayari, kama kisukari au pumu, yanalipiwa?
5. Hospitali gani za hapa Thika na Ruiru zimo kwenye orodha?
6. Kila nikitibiwa, mimi natoa kiasi gani mfukoni?

Majibu ya mdomo yasikutoshe. Omba mkataba wenyewe uusome, hasa ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Bei nafuu mara nyingi hujificha hapo.

Najua kuna kijana ananong'ona: bima si haramu? Swali hilo ni zuri, na mimi ni mwanafunzi tu, si mufti. Ninachojua ni kwamba Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah, mwaka 1985, lilikataa bima ya kibiashara kwa sababu ya gharar iliyomo, na likaelekeza bima ya kusaidiana. Kwa hiyo ukitaka bima ya kampuni, ulizia takaful, na umwulize sheikh wako. Lakini usiifanye fatwa kisingizio cha uvivu. Tulisoma madrasa habari za Ash'ariyyin: chakula kilipowapungukia walikusanya walichonacho kwenye nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume (s.a.w.) akawasifu. Na kisa cha bedui na ngamia wake twakijua sote. Alifundishwa amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Narudi kwenye ile 3,600. Mwaka 2025 serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa wasioweza kulipa kwa mkupuo. Kabla hujaingia, uliza vizuri kama ndani yake kuna riba. Mimi napendekeza njia nyingine: vijana kumi tufanye chama, kila mmoja aweke shilingi kumi kwa siku. Hiyo ni mia kwa siku, 3,000 kwa mwezi. Kila baada ya siku 36 nyumba moja imelipiwa mwaka mzima, na ndani ya mwaka zote kumi zimekwisha. Tuanze na mwenye wazee au mjamzito nyumbani.

Na wewe uliyeruzukiwa, unayetafuta sadaka ya mwezi huu: mtazame mjane wa mtaani kwako. Mfuko wa futari utaliwa siku tatu. Mchango wake wa SHA utamlinda mwaka mzima, yeye na mayatima wake.

Msikitini kwetu bado tutachangishana, huo ni udugu. Lakini tusingoje ndoo ipite baada ya mtu kulazwa. Baba mdogo sasa amelipa. Cherehani bado hatujainunua.

Allah atukubalie saumu zetu na awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.