Kupima Ini Bila Kukata Ngozi: Amana Tunayoisahau

(Mada iliyowasilishwa katika darsa ya mwezi, baada ya Swala ya Magharibi)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad.



Wengi wenu mlikuwapo siku tulipomswalia kijana wetu, naye hajatimiza miaka thelathini na mitano. Familia yake imeniruhusu kusema yafuatayo bila kumtaja jina. Miaka saba kabla ya kufa alitaka kwenda kufanya kazi Ghuba. Kama mnavyojua, mwenye kuomba ruhusa ya kufanya kazi huko hupimwa afya kwanza, na miongoni mwa vipimo hivyo ni cha homa ya ini aina ya B. Akakutwa na virusi, safari ikavunjika. Alikuja kwangu akiwa na karatasi yake mkononi, akaniambia, "Ustadhi, wamenikataa."

Nilimnasihi awe na subira, nikamwambia riziki haiko Ghuba peke yake. Nikampa na habbat sauda na asali. Alishukuru, akaondoka. Wala mimi sikumuuliza, wala yeye hakuniuliza, swali lililokuwa limelala katika ile karatasi: je, ini lenyewe liko katika hali gani? Sote wawili tuliichukulia karatasi ile kuwa ni habari ya safari, kumbe ilikuwa ni habari ya ini. Siidharau habbat sauda. Kosa langu ni kwamba nilitoa jibu kabla ya swali kuulizwa. Alipokuja tena, tumbo lilikuwa limejaa maji na macho yamekuwa ya manjano. Namuomba Mwenyezi Mungu amrehemu, na anisamehe mimi.

Kwa sababu hiyo, darsa ya leo inahusu jambo moja: jinsi ini linavyopimwa, na kwa nini asiyejisikia mgonjwa naye apime.

INI HALISEMI

Ini ni miongoni mwa viungo vikubwa kabisa vya ndani ya mwili. Limekaa upande wa kulia, chini ya mbavu. Husafisha damu, hutengeneza nyongo, huhifadhi sukari ya akiba na kutengeneza vitu vinavyoiwezesha damu kuganda. Tena lina sifa ya ajabu: sehemu yake ikiondolewa, huweza kukua upya. Lakini ndani ya nyama ya ini hakuna mishipa ya maumivu kama iliyopo katika ngozi. Kwa hiyo linaweza kuumwa miaka ishirini na mwenyewe analima, anavua, anasomesha na anaswali tarawehe bila kuhisi chochote.

Virusi vinapolishambulia, au mafuta yanapolijaa, ini hujitibu kwa kuweka kovu, kama ngozi iliyokatwa. Makovu yakizidi, nyama laini hugeuka kuwa ngumu, na damu hupita kwa shida. Hatua ya mwisho madaktari huiita sirosisi, yaani ini lililosinyaa na kujaa makovu. Hapo ndipo maji hujaa tumboni na damu hutapikwa, na saratani ya ini hupata njia.

Wapo wanaosema, "Sisi hatunywi pombe, maini yetu yako salama." Pombe ni moja tu katika sababu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya muda mrefu, na milioni 50 wakiishi na homa ya ini C. Mtoto mchanga akiambukizwa virusi vya B, uwezekano wa kubaki navyo maisha yake yote ni kama asilimia 90. Basi wengi wenye virusi hivyo walivipata utotoni bila kosa lolote. Tena wapo wenye kitambi na kisukari, ambao maini yao yamejaa mafuta ilhali hawajawahi kuonja pombe.

KIPIMO KISICHOKATA

Zamani njia kuu ya kujua ugumu wa ini ilikuwa kuingiza sindano ndefu kati ya mbavu na kunyofoa kipande kidogo cha nyama. Kipande hicho ni kama sehemu moja katika elfu hamsini za ini zima. Njia hiyo ina maumivu, mara chache huleta hatari ya kutoka damu, na huenda sindano ikaangukia palipo pazima ikaacha palipoharibika. Bado hutumika pale daktari anapoona lazima, lakini si mlango wa kwanza tena.

Mwaka 2003 watafiti wa mjini Paris, Ufaransa, walichapisha habari za njia nyingine, na mashine yake inajulikana kwa jina la FibroScan. Mgonjwa hulala chali, mkono wa kulia ameuweka nyuma ya kichwa. Hupakwa jeli kati ya mbavu za upande wa kulia, kisha huwekewa kifaa kinachogonga ngozi taratibu, mfano wa mtu anayekupiga kwa ncha ya kidole. Mgongo huo hutuma mtikisiko mdogo hadi ndani ya ini, na mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio huufuata mtikisiko huo na kupima kasi yake. Ini likiwa laini, mtikisiko huenda polepole. Likiwa gumu, huenda mbio. Aliyewahi kugonga nazi kwa kucha ili ajue kama imekomaa hatashangazwa na jambo hili.

Hugongwa mara kumi au zaidi, na mashine hutoa namba ya katikati kwa kipimo cha kilopaskali. Kazi yote huchukua kama dakika kumi. Hakuna sindano, hakuna dawa ya usingizi, hakuna kulazwa. Ini zima la mtu mwenye afya huwa karibu na kilopaskali 5. Kwa mwenye homa ya ini B, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema kuwa namba inayozidi 7 inaonyesha makovu ya kuhesabiwa, na mtu mzima wa namna hiyo aanzishiwe dawa. Inayozidi 12.5 inaashiria sirosisi. Mashine nyingi za aina hii hupima pia kiasi cha mafuta yaliyomo katika ini.

Asiye na mashine hiyo karibu naye asikate tamaa. Katika Afrika Mashariki bado hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za miji mikubwa. Ipo hesabu iitwayo APRI, inayotokana na vipimo viwili vya kawaida vya damu: kimeng'enya cha ini kiitwacho AST, na idadi ya plateleti, chembe zinazosaidia damu kuganda. Chukua AST ya mgonjwa, igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ile, zidisha kwa 100, kisha gawa kwa idadi ya plateleti kwa maelfu. Mfano: AST ni 80, kiwango cha juu ni 40, plateleti ni 160. Jibu ni 1.25. Kwa mwongozo ule ule, jibu linalozidi 0.5 linatosha kuanzisha dawa, na linalozidi 1 linaashiria sirosisi. Mwenye kuhukumu ni daktari, lakini nawe waweza kumuuliza, "Daktari, APRI yangu ni ngapi?"

MIPAKA YA KIPIMO

Si uadilifu kusifu kitu bila kutaja mipaka yake. Chakula huongeza damu iendayo katika ini na kulifanya lionekane gumu kuliko lilivyo, hivyo mtu hukaa bila kula kwa saa tatu hivi kabla ya kipimo. Mwenye kufunga Jumatatu na Alhamisi keshatimiza sharti. Ini lililovimba kwa homa kali ya wakati huo, moyo ulioshindwa kazi, au nyongo iliyoziba, vyote vinaweza kupandisha namba. Tumbo lililojaa maji huzuia kipimo, na mnene sana huhitaji kifaa chake maalumu. Mjamzito na mwenye mashine ya moyo mwilini waseme mapema. Zaidi ya hayo, kipimo hiki hakioni saratani. Mwenye sirosisi huhitaji kupigwa altrasaundi kila miezi sita.

Nimeulizwa pia kuhusu swaumu na sitara. Kipimo hiki hakiingizi kitu mwilini, kwa hiyo hakiifunguzi saumu. Sehemu inayofunuliwa ni ubavu tu. Dada zetu na waombe mpimaji mwanamke, na asipopatikana, haja ya tiba ina hukumu yake inayojulikana kwa wanachuoni: hufunuliwa kwa kadiri ya haja, si zaidi.

TUJIHADHARI NA MASHINE YA KIFIMBO

Katika baadhi ya maduka ya tiba, na mengine, kwa masikitiko, yameandikwa "Tiba za Sunna" mlangoni, iko mashine nyingine. Mteja hushikishwa kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta. Baada ya dakika moja au mbili hutoka kurasa nyingi zinazoeleza ini, figo, moyo, hata mifupa, na mwishoni orodha ya dawa zinazouzwa dukani hapo hapo. Ndugu zangu, mashine ile si FibroScan wala si altrasaundi. Haikugonga ini, haikulipeleka wimbi, haikuchukua damu. Hakuna elimu ya tiba inayothibitisha kuwa kiganja kinaweza kueleza ugumu wa ini. Anayemwambia mgonjwa "ini lako zima" kwa kifimbo hicho amemnyang'anya muda, na anayemwambia mzima "ini lako limeoza" amemnyang'anya mali. Yote mawili ni ghishi, na jina la Sunna halihalalishi ghishi.

Na kwa wenzetu wanaopiga hijama: kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata katika tone la damu lisiloonekana. Wembe mmoja ni kwa mtu mmoja, kisha utupwe. Vikombe visivyosafishwa ipasavyo ni mlango wa maradhi. Vivyo hivyo kwa vifaa vya tohara na nyembe za kinyozi.

FUNZO KUTOKA MISRI

Nilikuwa mwanafunzi Cairo mwaka 2014. Misri ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoelemewa zaidi na homa ya ini C duniani, na chanzo chake ni cha kusikitisha: tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, wanavijiji walitibiwa kichocho kwa sindano zisizotakaswa vizuri. Waliambukizwa na yale yale yaliyokusudiwa kuwaponya. Mzee aliyekuwa akitusahihishia tajwidi alikuwa mmoja wao. Alitoka katika kijiji cha bonde la Nile, na alidhani ni mzima.

Mwaka ule dawa mpya za vidonge ziliingia Misri, kwanza kwa uchache, wakatangulizwa wenye maini yaliyoharibika zaidi. Mzee wetu alipimwa kwa mashine ile ile niliyoieleza. Alipoambiwa ini lake limekuwa gumu alinyamaza kitambo, kisha akatuambia, "Alhamdulillah, sasa nimejua mahali pa kusimama katika foleni." Alitibiwa, virusi vikaondoka. Nchi nzima nayo ikaenda mwendo huo. Mwaka 2018 na 2019 makumi ya mamilioni ya watu walipimwa, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Misri imeshusha maambukizi kutoka asilimia 10 hadi 0.38 katika muda wa zaidi kidogo ya miaka kumi.

Homa ya ini B haijapata dawa ya kuiondoa kabisa kama C. Lakini kidonge cha kila siku cha tenofovir hukizuia kirusi kuzaana, na ini lililoanza kuwa gumu huweza kulainika kwa kiasi. Ipo na chanjo. Watoto wetu hupewa kliniki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hakuipata, na mtu mzima huchomwa mara tatu katika miezi sita.

WITO

Kisa cha bedui na ngamia wake kila mtoto wa madrasa anakijua. Kumfunga ngamia hakukupunguza tawakkul ya mtu, na kulipima ini ni katika kumfunga ngamia.

Basi nawausia mambo matatu. Kwanza, kila mtu mzima apime damu ya homa ya ini B na C japo mara moja. Pili, aliyekutwa na virusi asiishie kwenye karatasi hiyo. Aulize ini lake lina ugumu gani, kwa mashine au kwa hesabu ya damu, na aambiwe lini arudi. Mwenzi wake naye ajulishwe, apimwe na achanjwe, maana kumficha ni kuikhini amana. Tatu, tusimtenge. Homa hii haiambukizwi kwa kula sinia moja, kupeana mikono, kutilia udhu birika moja wala kusimama bega kwa bega katika safu. Inapita katika damu na tendo la ndoa, na kwa mtoto kutoka kwa mama yake wakati wa kuzaliwa.

Kijana yule alinyamaza miaka saba kwa sababu alituogopa sisi kuliko alivyouogopa ugonjwa. Atakayekuja kesho na karatasi kama ile, nitamuuliza swali nililoacha kumuuliza mwenzake, na nitafuatana naye hospitali. Nanyi mfanye hivyo.

Namuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuilinda amana ya miili yetu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.