Gari Linapokataliwa Gereji: Mazungumzo na Wakazi wa Lisekese

Msimu huu, fedha za korosho zinapoingia na magari yanapelekwa kufanyiwa matengenezo, tunapenda kuzungumzia jambo moja: mtu kapeleka gari kwenye gereji kubwa yenye matawi katika miji kadhaa, akaambiwa limefeli ukaguzi na halifai kutoka mpaka litengenezwe kwa fedha asizozitarajia.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. Ukaguzi wa kisheria hufanywa na Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani. Ukaguzi wa gereji ni maoni ya fundi. Yaweza kuwa maoni ya kweli kabisa, lakini yametolewa na mtu atakayeuza kifaa na kulipwa kwa kukifunga. Neno “limefeli” likitamkwa na gereji halina nguvu ya amri.

Huko Uingereza gereji binafsi zimepewa mamlaka ya kufanya ukaguzi wa kisheria wa kila mwaka. Mwenye gari asiporidhika hukata rufaa kwa wakala wa serikali ndani ya siku 14 za kazi, na hutakiwa asilitengeneze gari kabla halijakaguliwa upya. Sharti hilo lina hekima hata kwetu. Ushahidi wa ubovu ni kifaa chenyewe kikiwa bado mahali pake. Kikishafunguliwa na kutupwa, hubaki neno lako dhidi ya la gereji, na gereji ina karatasi.

Tuchukue mfano wa mwenye Noah ya abiria aliyeambiwa pedi za breki zimekwisha, shokapu zinavuja na tairi hazifai. Asikubali, wala asigombe. Aombe kuonyeshwa, na aombe kipimo. Pedi mpya za gari dogo huwa na unene wa milimita 10 hivi, na mafundi wengi hushauri zibadilishwe zinapokaribia milimita 3. Pedi yenye milimita 6 imetumika, haijaisha. Kwa tairi, nchi nyingi zimeweka kikomo cha kina cha kashata kuwa milimita 1.6, na umri wake umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, kwa mfano 3522, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2022. Shokapu inayovuja huloa mafuta na kushika vumbi zito. Ikiwa vumbi la barabara zetu limekaa juu yake kavu kama unga, ulizeni hayo mafuta yanavujia wapi.

Kisha ombeni orodha iliyoandikwa: kifaa, kipimo kilichopatikana, bei ya kifaa na bei ya kazi. Fundi anayejiamini haoni taabu kuandika.

Hapo mwafaka ni kumwita fundi wa pili. Alipwe kwa kutazama tu, na aelezwe mapema kwamba kazi ya kutengeneza hatapewa yeye. Vinginevyo mmehama kwa mwuzaji mmoja mkaenda kwa mwingine. Tawi jingine la gereji ileile si fundi wa pili.

Tunajua ugumu wake. Gari likiwa Mtwara, kilometa zipatazo 200 kutoka hapa, na abiria wanasubiri, mtu hukubali lolote ili arudi nyumbani. Hata hivyo, tusieleweke vibaya kuhusu breki. Shaka ya breki haiamuliwi kwa kujaribu mteremko wa kutoka Newala. Fundi alifuate gari lilipo, au gari livutwe.

Gereji inaweza kulizuia gari mpaka ilipwe kwa kazi mliyokubaliana, ikiwamo ada ya ukaguzi kama mlielewana. Kwa kazi ambayo hukuiagiza haina msingi huo. Kwa sababu hiyo, unapokabidhi ufunguo andika: “Kazi yoyote ya ziada, nipigiwe simu kwanza.”

Mkiona mmepotoshwa, anzeni kwa barua kwa meneja wa tawi, nakala makao makuu. Hiyo ndiyo faida ya gereji yenye matawi, kwamba ina jina la kulinda. Isipojibu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mteja, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Ambatisheni ile orodha, maelezo ya fundi wa pili, picha, na risiti ya EFD. Kama mlilazimika kutengeneza, daini kifaa cha zamani siku hiyohiyo, kitieni mfukoni na kuandika tarehe na namba ya gari, hata kama kinachafua buti.