Klachi ya MGB na Mshahara wa Fundi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa kazi ya gereji waliokutana Liwatoni. Tumeyachapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.)



Tumeombwa tuseme juu ya klachi za motokaa za zamani za Kiingereza, zile ndogo za mbio zenye viti viwili, na jinsi ya kupata vipuri vyake. Pengine yuko anayejiuliza, chama cha wafanya kazi kina haja gani na motokaa ya starehe ya tajiri? Haja ipo. Motokaa ni ya tajiri, lakini mgongo unaoinama juu yake ni wetu, na plati ikija isiyo yake, mshahara unaokatwa ni wetu pia.

Hapa Liwatoni kazi yetu ya kila siku ni malori ya bandarini, matatu, na injini za vyombo vya uvuvi. Lakini mara moja moja huletwa MGB imefunikwa turubai, mwenyewe anataka iende Nairobi kwenye maonyesho ya motokaa za fahari, yale yaliyoanzishwa 1970, au ameona mashindano ya Safari ya motokaa kuukuu, yaliyoanza 2003, naye akatamani. Anasema, "Klachi haishiki, tafuteni nyingine." Hapo ndipo taabu huanza.

Kwanza tuijue motokaa yenyewe. MGB iliundwa mji wa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hata 1980, na zilitoka zaidi ya nusu milioni. Siku zile motokaa za Kiingereza zilijaa katika barabara zetu. Kisha Abingdon ikafungwa 1980, na motokaa za Kijapani zikashika nchi. Leo huendi dukani Mombasa ukakuta klachi ya MGB rafuni kama unavyokuta ya Toyota. Lakini msidanganywe na wanaosema kwamba kipuri hiki ni adimu. Kwa kuwa zilitoka nyingi mno, vipuri vyake vingali vinatengenezwa. British Leyland wenyewe walianzisha kampuni ya British Motor Heritage mwaka 1975 kwa kazi hiyo, na Moss, duka lililoanza California 1948, huuza vipuri vya motokaa hizi mpaka leo. Klachi yenyewe ilikuwa ya Borg & Beck, na jina hilo lingali madukani. Kwa hiyo kipuri si adimu, kiko mbali tu. Tofauti hiyo ni kubwa, maana kitu kilicho mbali hutaka kuagizwa kwa uangalifu, hakitaki kubahatishwa.

Sasa sikilizeni jambo lililompata mwenzetu mmoja, katika gereji ambayo hatutaitaja. Mwenye motokaa aliagiza plati mwenyewe kwa kutazama picha katika intaneti. Plati ikaja, mwenzetu akaamriwa aifunge. Alipoijaribu, meno ya ndani hayakuingia katika shafti ya giaboksi. Ikaagizwa nyingine, na motokaa ikakaa wiki sita ikiziba nafasi ya kazi. Mwisho wa mwezi mwenzetu akakuta amekatwa bei ya plati ya kwanza, kwa neno moja tu, "uharibifu." Yeye hakuichagua, hakuinunua, wala hakuivunja.

Ndugu, someni Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19. Mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, lakini ni pale tu uharibifu ulipotokana na kosa la mfanyakazi la kukusudia. Plati aliyoiagiza mtu mwingine haiwezi kuwa kosa la kukusudia la fundi. Tena sheria hiyo hiyo yasema makato yote yakijumlishwa yasipite theluthi mbili za mshahara. Mwenzetu alikuja ofisini na karatasi yake ya mshahara, na fedha zikarudishwa. Lakini wangapi hawaji?

Kwa nini klachi hasa, wala si breki au taa? Kwa sababu ya mahali ilipo. Katika MGB giaboksi haishuki kwa chini, imezuiwa na chuma cha bodi. Huna budi kutoa boneti na rejeta na kuinyanyua injini, peke yake au pamoja na giaboksi. Triumph TR6 ni afadhali kidogo, giaboksi yake hutolewa kupitia ndani, ukiondoa viti na kifuniko cha katikati. Jaguar E-Type ni balaa, injini na giaboksi hutoka pamoja. Basi plati nyembamba ya inchi 8 ikikosewa, injini hutolewa mara mbili, na hiyo mara ya pili hakuna anayetaka kuilipia.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza cho chote, hakikisheni kwamba klachi ndiyo mgonjwa. Mara nyingi siyo. Hewa yetu ni ya chumvi, na motokaa iliyolala miezi mingi karibu na maji ya Kilindini huweza kushikana kwa kutu, plati ikang'ang'ania flaiwili. Ukikanyaga pedali, gia haziingii, na mwenyewe hudhani klachi imekufa. Kabla ya kufungua, ipasheni injini moto, muizime, muiwashe ikiwa ndani ya gia na pedali imekanyagwa, mahali penye uwazi, na mtu asisimame mbele. Mara nyingi hubanduka.

Au ni mafuta. Klachi ya MGB husukumwa kwa mafuta ya breki, kuna silinda ya juu penye pedali na silinda ndogo ya chini kando ya giaboksi. Mipira ya ndani huchoka, mafuta huvuja, pedali huzama. Mipira hiyo ni ya bei ndogo na hubadilishwa bila kugusa injini. Fundi anayeagiza klachi nzima kabla ya kutazama silinda ya chini amemtia mwenye motokaa hasara na amejitia mwenyewe kazi ya siku mbili bure. Na ye yote asitie humo mafuta ya injini, yatavimbisha mipira yote.

Ikiwa kweli plati imekwisha, yaani injini inanguruma lakini motokaa haiendi mlimani, hapo ndipo tuagize. Andikeni namba ya motokaa na namba ya injini kutoka kwenye vibati vyake, si mwaka anaoutaja mwenyewe kwa kumbukumbu. Motokaa hii ilibadilishwa njiani. Injini ya beringi kuu tatu ilifuatwa na ya beringi tano mwishoni mwa 1964, na giaboksi ikabadilishwa mwishoni mwa 1967. Tena motokaa iliyokaa Kenya miaka hamsini yaweza kuwa na giaboksi ya ndugu yake. Kwa hiyo vibati peke yake havitoshi, pimeni. Toeni plati ya zamani, pimeni upana wake, hesabuni meno ya ndani, pimeni unene wa shafti, ndipo mtume barua. Ndiyo, motokaa itakaa imefunguliwa ikingoja. Ni afadhali kungoja ikiwa wazi kuliko kuifungua tena.

Wako watakaowaambia kwamba injini ya MGB ni ya ukoo mmoja na ile ya Morris Oxford, na kwamba Ambassador ya India, iliyoundwa mpaka 2014, ni mtoto wa Oxford, basi klachi ya Bombay itaingia. Ukoo mmoja si mapacha. Pimeni.

Agizeni seti nzima, yaani plati, kifuniko chake chenye springi, na beringi. Beringi ya MGB si ya gololi, ni pete ya kaboni, nayo huliwa upesi na dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali. Ziko zinazouzwa za gololi badala yake, na mafundi hubishana sana juu yake. Sisi twaona ile ya kaboni, ikitunzwa, yatosha. Pamoja na seti ongezeni bushi ndogo ya mwisho wa kranki na, kwa injini ya beringi tano, sili ya mafuta ya nyuma. Sili ni kitu kidogo, lakini ikivuja, plati mpya hulowa mafuta na kazi yote imekwenda na maji.

Juu ya gharama, mwambieni mwenye motokaa mapema. Seti ni nzito, na nauli ya ndege yaweza kukaribia bei yake. Wenzetu wa bandarini wanajua kwamba kwa kitu kinachokuja kwa meli forodha haihesabu bei ya kitu peke yake, huhesabu bei, nauli na bima pamoja, ndipo ushuru, na juu yake VAT ya asilimia 16. Asiyeambiwa hayo humwona fundi mwizi.

Wengine watasema, kwa nini tuagize? Wako mafundi wetu wanaopigilia lainingi mpya kwa ribiti juu ya plati ya zamani. Ni kweli, na kazi yao ni ya heshima, ikiwa chuma cha plati hakikupinda na springi zake hazikulegea. Lakini hapa pana neno zito kuliko fedha. Lainingi za zamani za Kiingereza zilitiwa asbesto. Uingereza yenyewe iliipiga marufuku yote 1999, kwa sababu vumbi lake hukaa katika mapafu na kuleta kansa baada ya miaka ishirini, thelathini. Motokaa ya 1965 ambayo haijafunguliwa yaweza kuwa nalo bado. Msipulize nyumba ya klachi kwa upepo wa kompresa, wala msiifagie kavu. Loweni kwa maji, futeni kwa kitambaa kibichi, kitambaa kifungwe katika mfuko. Asiyejua plati ni ya mwaka gani asiichimbe ribiti wala kuisugua. Barakoa ya kweli ya vumbi, si kitambaa cha mdomo, ni juu ya mwajiri kuitoa bila malipo, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Akikataa, leteni jina la gereji ofisini.

Mwisho, karatasi. Tumetengeneza fomu ya ukurasa mmoja. Ina nafasi ya namba za motokaa, vipimo vya plati, jina la aliyechagua kipuri, jina la aliyelipa, na sahihi ya mwenye motokaa. Ijazwe kabla ya kipuri kuagizwa, nakala moja ibaki kwa fundi. Fomu ziko kwa katibu, na vipimo vya kila klachi ya Kiingereza mliyoifungua mleteeni, atavitia katika daftari ili mwingine asianze upya.