Ukuta wa Maji na Sauti za Wakazi
(Mada kwa viongozi wa halmashauri za walei)



Mwaka 2018 ulipokamilika ukuta wa kuzuia bahari kandokando ya Barabara ya Barack Obama, jijini Dar es Salaam, wengi wetu tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Hatukujiuliza wenyeji hushirikishwa vipi kabla ya kazi kama hiyo kuanza. Leo tulitazame swali hilo kwa mfano wa jiji la mbali, ambalo mabishano yake yalifanyika hadharani.

Tarehe 29 Oktoba 2012, dhoruba iitwayo Sandy iliyasukuma maji ya bahari hadi ndani ya New York. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini humo. Kusini mwa Manhattan kituo cha kupozea umeme kililipuka, taa zikazimika, lifti zikasimama. Katika nyumba za kupanga za serikali, karibu na mto uitwao East River, wazee wa ghorofa za juu walibaki gizani, wakimngojea mtu wa kuwapandishia maji kwa ngazi.

Mwaka 2014 serikali kuu ya Marekani ilitenga dola milioni 335 kwa kinga ya eneo hilo. Kwa miaka kadhaa maofisa walikaa na wakazi wakachora pamoja: tuta lijengwe ubavuni mwa barabara kuu, nayo bustani iliyo kando ya mto iachwe ifurike na kukauka. Mwaka 2018 jiji likabadili mpango. Bustani ifukiwe kwa udongo na kuinuliwa futi 8 hadi 10, na miti karibu 1,000 ikatwe. Kazi, walisema, itakwisha mapema zaidi bila kuisumbua barabara kuu. Huenda sababu hizo zilikuwa njema. Lakini uchunguzi wa kitaalamu uliotajwa kuunga mkono uamuzi huo ulitolewa mwaka 2021, sehemu zake nyingi zikiwa zimefunikwa kwa wino mweusi. Na baraza la jiji lilikwisha kuupitisha mpango tangu Novemba 2019!

Tusikimbilie kusema kwamba wakubwa walikosea na wadogo walionewa. Baadhi ya viongozi wa wapangaji waliuunga mkono mpango mpya, maana waliyaona maji kwa macho yao. Majirani zao wengine walikamatwa wakiitetea miti. Yaliyotuhuzunisha sisi ni hayo: watu waliopatwa na gharika moja kuachwa wabishane wao kwa wao, pasipo hata upande mmoja kuonyeshwa hesabu yote. Hata hivyo kelele zao hazikupotea bure. Mwaka 2019 jiji lilikubali kujenga kwa awamu, ili sehemu ya bustani ibaki wazi.

Nasi je? Mara ngapi tumeita mkutano wa parokia, tukasoma uamuzi uliokwisha kuandikwa, kisha tukaomba makofi?

Mradi wa pwani utakapotangazwa kwetu, yatupasa kuomba kwanza mchoro wenyewe, maelezo yake yakiwa kwa Kiswahili, na mkutano uwekwe saa ambayo wavuvi na mama lishe wanaweza kufika. Mpango ukibadilishwa baadaye, tuulize kwa maandishi ni lipi kati ya tuliyosema limekataliwa, na kwa sababu gani.